Jinsi ya kuchora mijusi wakubwa wa bahari ya kale kwa saizi yao halisi kwenye uwanja, hapa hapa Mwanza

Kama una watoto nyumbani au unafundisha shule, na hao watoto wamekolea mambo ya dinosaria na mijusi wa baharini kwenye simu, kuna kitu kimoja simu haiwezi kuwapa, nacho ni ukubwa. Kwenye kioo cha simu mosasauri, yani mjusi mkubwa wa bahari ya kale, wa mita 12 na mjusi wa ukutani ni saizi moja. Mtoto atakutajia "mita 12" kutwa nzima ila mita 12 ni kitu gani hajui mpaka azitembee kwa miguu yake. Kwa hiyo naelezea hapa namna ya kumchora mnyama mzima chini, saizi yake ileile, kwa kamba na jivu, ni kazi ya asubuhi moja tu na vitu vingi vipo nyumbani tayari.

Kabla hamjashika kamba mkubaliane kitu kimoja na watoto, na hiki ndo naomba mkizingatie kuliko vyote. Mtatumia mistari ya aina mbili. Mstari mzito usiokatika ni kwa ajili ya mfupa ambao watu wameuchimba na kuupima kweli, na mstari wa nukta nukta ni kwa ajili ya sehemu ambayo wataalamu wamekadiria kutokana na jamaa zake au kutokana na uwiano wa mwili. Mkifanya hivo mtoto anaondoka na ukubwa wa mnyama na anaondoka pia na akili ya kuuliza "hili mnalijuaje?", na swali hilo litamsaidia mbali zaidi ya mijusi.

Vitu vya kutafuta: kamba ya manila kipande kimoja kirefu, angalau mita 26, tepu ya fundi (ya mita 5 inatosha, ya mita 30 ni raha zaidi), vigingi vya mti kama thelathini hivi vilivyochongwa ncha, vitambaa vya rangi vya kufungia alama, jivu la kuni, chupa tupu za maji, na mpira wa kumwagilia bustani kama unaweza kuazima sehemu. Jivu lichekeche kwanza kwa chekecheke, toa mkaa na misumari, maana jivu la majikoni huwa na vitu vya ajabu humo ndani, na usichukue jivu la sehemu wanapochoma plastiki. Najua wengine mtafikiria chokaa ile ya kupigia mistari ya uwanja, inang'aa vizuri kweli ila ikiingia machoni mwa mtoto inaunguza, kama ni lazima basi aishike mtu mzima peke yake na watoto wabaki na jivu.

Manila mpya inavutika. Ivuteni kwanza watu wawili kwa nguvu mara kadhaa, afu ndo mpime, na mnapopima iwe imekaza vilevile kama itakavyokaza uwanjani, la sivyo mita yenu ya mwisho itakuwa ya uongo. Funga kitambaa kila mita moja. Kila mita ya tano weka kitambaa cha rangi tofauti ili mtu asihangaike kuhesabu upya toka mwanzo. Hii kamba mtaitumia kwa wanyama wote na kwa kitu kingine pia ambacho ntakifikia.

Sehemu ya kuchorea. Sisi wa Mwanza tumebarikiwa mawe, tuyatumie. Tafuta uwanja wa shule au kiwanja cha mtaa kilicho chini ya kilima cha mawe, iwe Mabatini, Isamilo, Kitangiri, Igogo, popote, kwa sababu mchoro wa mita 12 ukiwa umesimama pembeni yake huuoni wote, unaona mistari mistari tu, ila ukipanda jiwe mita chache juu mnyama anatokea mzima na hapo ndo watoto wanapiga kelele. Ongea na mwalimu mkuu au mwenyekiti wa mtaa mapema, na uliza ratiba ya mechi. Ufukweni nako mchanga ni mzuri kuchorea, upande wa Igombe au Luchelele kwa mfano, ila kaeni mbali na maji, kwenye magugu usipeleke watoto kabisa, kichocho kipo na mamba wapo, na maji ya kunawia jivu beba kwenye ndoo toka nyumbani, wasikimbilie ziwani kunawa.

Anzeni asubuhi. Ikifika mchana upepo wa ziwani unaanza kupiga kuelekea nchi kavu na jivu lote linahamia machoni.

Sasa mnyama wa kwanza. Mi nashauri muanze na mosasauri, kwa sababu watoto wa huku tayari wanamfahamu ndugu yake. Kenge. Yule kenge anayeota jua kwenye mawe pale pembeni ya ziwa, anatoa ulimi wenye pacha, huyo na mosasauri ni watu wa ukoo mmoja, pamoja na nyoka. Na kuna habari nzuri ya kuwapa kabla ya kuchora: karne ya 18 wachimba mawe wa Maastricht, Uholanzi, walitoa kwenye machimbo ya chokaa mataya makubwa yenye meno, na watu wakagawanyika, wapo waliosema ni mamba, na daktari mmoja mkubwa wa enzi hizo, Petrus Camper, akasema ni nyangumi. Mtoto wake mwenyewe, Adriaan Camper, akayaangalia tena akasema hapana, haya yanafanana na ya kenge, na baadae mwanasayansi Cuvier wa Paris mwaka 1808 akakubaliana naye. Wapigishe watoto kura kabla hujawaambia jibu: mamba, nyangumi au kenge? Watoto wa Mwanza wamewaona mamba na kenge kwa macho yao, wana haki ya kubishana kwenye hili, acha wabishane na watoe sababu.

Mosasauri mchoreni kwa ubavu, yani kama amelala upande, kwa sababu ukimchora kutokea juu mkia wake hauonekani uzuri wake. Laza kamba ya mita 12 iliyonyooka, funga kwenye kigingi kila upande. Huu ndo uti wa mgongo. Mita 12 ni kipimo cha Mosasaurus hoffmannii mkubwa wa wastani, wapo wanaomkadiria zaidi ya hapo mpaka 17, ila kwa uwanja baki na 12, hakuna atakayekulaumu. Kanuni ya kushika: fuvu lake ni karibu sehemu moja ya kumi ya mwili, kwa hiyo toka pua pima mita 1.2, hapo ndo kichwa kinaishia. Kichwa kwa nyuma kipe kimo cha nusu mita na kinyooke kuelekea puani. Shingo ni fupi mno, usihangaike nayo. Kati ya mita ya 3 na ya 4 mwili ndo mnene kuliko kote, mpe kama mita 1.4 kutoka mgongoni mpaka tumboni, kisha punguza taratibu mpaka mita ya 5 na nusu penye nyonga, hapo iwe kama mita 1, na kuanzia hapo ni mkia mpaka mwisho. Yani nusu ya mnyama ni mkia, ndo injini yake. Pezi la mbele karibu na mita ya 2, urefu mita 1.3 hivi, la nyuma pale nyongani, dogo kidogo. Hivi vipimo vya unene na mapezi ni vya kuchorea, kwa hiyo ni vya nukta nukta.

Mkia ndo sehemu watu wengi wanakosea, hata michoro ya vitabu vya zamani inamwonyesha na mkia mrefu mwembamba wa kama mamba. Mwaka 2013 wataalamu walieleza kisukuku (mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe) cha mosasauri mdogo aina ya Prognathodon kutoka Jordan ambacho umbo la nyama ya mkia lilibaki limechapika kwenye jiwe, na likaonyesha kuwa mkia ulikuwa na pezi lenye ncha mbili, kama wa papa ila umegeuzwa: mfupa unapinda kushuka kwenye ncha ya chini, na ncha ya juu ni nyama tupu. Kwa hiyo kuanzia mita ya 10 hivi pindisha uti ushuke chini kwa mstari mzito, afu ncha ya juu chora kwa nukta. Hapo tu mtoto mmoja akikuuliza kwa nini hapa nukta na hapa mstari, somo lako limeshaeleweka.

Namna ya kumwaga jivu: toboa kifuniko cha chupa tundu la kidole kidogo, jaza jivu kavu, geuza chupa utembee ukiwa unaitikisa taratibu. Mikunjo ya mgongo na tumbo usijaribu kuichora kwa jicho, itatoka imevunjika vunjika. Laza mpira wa bustani chini, usogeze mpaka upite kwenye vigingi vyote vya unene, rudi nyuma uangalie, ukiridhika ndo mwage jivu pembeni ya mpira kisha uutoe. Kazi inatoka safi hutaamini. Kama mpira haupo, hata kamba nzito iliyolowa maji inakubali kukaa kwenye mkunjo.

Kwenye kichwa msiende haraka, kaeni hapo. Chukueni kipande kikubwa cha boksi mchore taya la juu kwa ndani, urefu ule ule wa mita 1.2, na muweke meno ya pembeni, makubwa, yaliyopinda kidogo kwa nyuma. Afu ongezeni safu mbili za meno madogo katikati, kwenye kaakaa, juu kule ambako ulimi unagusa. Ndio, mosasauri alikuwa na meno mengine ndani ya kinywa, yamepinda kuelekea kooni, kazi yake samaki au kasa akishaingia asiweze kurudi nyuma. Chatu naye anayo ya hivyo mpaka leo. Taya la chini nalo lilikuwa na kiungo katikati ya kila upande, kwa hiyo lingeweza kutanuka kidogo wakati wa kumeza. Mwambie mtoto apitishe mkono kwenye boksi toka mdomoni kuelekea kooni afu ajaribu kuurudisha huku meno ya boksi yamekaza, ataelewa mwenyewe bila maneno mengi.

Rangi? Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa chembe za rangi zilizobaki kwenye ngozi ya visukuku, mmoja ukiwa wa mosasauri, na ukaonyesha kuwa walikuwa na rangi nyeusi nyeusi. Kwa hiyo ukiwa na mkaa wa kusaga mwage mgongoni, na zile picha za kijani kibichi na michirizi myekundu za mtandaoni ziacheni.

Mnyama wa pili ni pliosauri, na huyu achorwe kutokea juu, kwa sababu utamu wake ni mapezi manne. Hana undugu wa karibu na kenge, ni ukoo tofauti kabisa, ukoo wa plesiosauri, wale ambao wengi wao wana shingo ndefu, ila yeye shingo yake ni fupi na kichwa ni kikubwa kupita kiasi. Mwaka 2022 kwenye majabali ya pwani ya Dorset, Uingereza, lilitolewa fuvu la pliosauri lenye urefu wa mita 2, watu wakining'inia kwa kamba kwenye jabali kulichimba, na lina meno 130. Umri wake ni kama miaka milioni 150. Mita 2 kichwa peke yake! Pale ulalie kigingi kwa kigingi, mtu mzima mrefu anaenea ndani ya fuvu.

Mpe mita 10 kwa jumla, gawanya hivi: kichwa mita 2, chembamba mbele na kinapanuka nyuma, mstari mzito. Shingo mita 1. Kiwiliwili mita 4, upana katikati mita 2 na kidogo. Mkia mita 3, unaisha kwa ncha. Mapezi ya mbele mita 2 na ya nyuma marefu zaidi kidogo, yote manne yakitandazwa pembeni. Kiwiliwili na mkia vyote weka nukta, kwa sababu mnachochora ni makadirio kutoka kwa jamaa zake waliopatikana na mifupa mingi zaidi. Kwa kulinganisha, ile Coaster ya kwenda Magu au Usagara ina kama mita 7, kwa hiyo pliosauri wenu ataipita kwa mita 3 nzima, mkiweza kumwomba dereva apaki pembeni dakika mbili fanyeni hivo, hakuna mtoto atasahau.

Kuhusu pliosauri niseme kitu kwa uchungu kidogo. Huyu ndo mnyama anayeongezewa chumvi kuliko wote. Mwaka 1999 televisheni ya Uingereza ilimwonyesha Liopleurodon mwenye mita 25 na mpaka leo hizo picha zinazunguka, watoto wanazikariri, wakati mifupa ya Liopleurodon haifikishi hata mita 10. Na ule mfupa maarufu wa Kronosaurus kutoka Australia uliosimamishwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ulipewa urefu wa mita 12.8, umejazwa plasta nyingi sana, na wataalamu wa baadae wakaona pingili za mgongo zimezidishwa. Mnyama wa mita 10 mwenye kichwa cha mita 2 anatisha vya kutosha, hana haja ya kuongezewa, na mtoto akija kugundua ulimwongezea hatakuamini hata kwenye yale ya kweli. Kwa hiyo hapa uwanjani tepu ndo inasema.

Meno yake fanyeni kwa udongo wa mfinyanzi. Jino zima la pliosauri mkubwa likihesabiwa na mzizi linafika sentimita 30, na sehemu kubwa ya hapo ni mzizi uliozama ndani ya mfupa wa taya, kinachotokeza nje ni kidogo. Meno ya jamii ya Pliosaurus ukiyakata katikati yana pembe tatu, hayana umbo la duara, finyangeni hivo. Mtoto akishika kitu kizima mkononi anaelewa kwa nini lile taya lilihitaji kuwa nene.

Mnyama wa tatu hamtamchora. Mtalaza kamba tu. Huyu ni iktiosauri, mtambaazi wa bahari ya kale mwenye umbo kama la samaki, anayeitwa Ichthyotitan severnensis, alipewa jina mwaka 2024, na kilichopatikana ni vipande vya mfupa wa taya la chini, basi. Mfupa huo mmoja ukiunganishwa unazidi mita 2, na kwa kuulinganisha na iktiosauri wengine wanakadiria mnyama mzima alifika kama mita 25. Kipande kimojawapo kiliokotwa mwaka 2020 kwenye ufukwe wa Somerset, Uingereza, na msichana wa miaka 11 akiwa na baba yake, na hili wasimulieni watoto kwa kirefu jamani, maana wanadhani sayansi inafanywa na watu wenye mvi tu. Na sio wa kwanza: mwaka 1812 Mary Anning, msichana maskini wa Lyme Regis mwenye miaka 12 au 13 tu, ndiye alimalizia kuchimba mifupa ya iktiosauri ambaye kaka yake alikuwa ameliona fuvu lake mwaka mmoja kabla.

Basi tandazeni kamba mita 25 zote. Upande mmoja, mstari mzito wa mita 2 pembeni ya kamba, ndo mfupa. Halafu kimya, hakuna kingine cha kuchora kwa mstari mzito. Mita 23 zilizobaki zote ni nukta. Watoto watalalamika wanataka apewe macho na mkia, waambie wakipata mifupa zaidi ndo tutachora, na kama wanataka jicho wachukue la ndugu yake, Temnodontosaurus, ambaye jicho lake lilikuwa na upana wa zaidi ya sentimita 25. Kateni duara la boksi la saizi hiyo, mtoto aliweke mbele ya uso wake, uso wote unapotea.

Hiyo kamba ya mita 25 sasa msiitoe, ndo ile kazi nyingine niliyosema. Igeuzeni kuwa ya mda. Kila mita moja iwe miaka milioni 10. Kigingi cha mwanzo ni leo. Tembeeni kurudi nyuma: mita 6.6 ni mwisho wa mosasauri, pale kimondo chenye upana wa kama kilomita 10 kilipopiga sehemu ya Chicxulub, Mexico, jua likazibwa, vijidudu vya baharini vikafa na kila aliyekula mwenzake akakosa wa kumla. Mita 9 hivi, iktiosauri na pliosauri wanakuwa wameshatoweka tayari, yani kimondo hakikuwakuta. Mita 15, pliosauri wa Dorset, na kidogo hapo hapo ndo wakati wa dinosaria wetu wa Tendaguru kule Lindi, wale waliochimbwa kuanzia 1909 na mifupa yao ipo Berlin. Mita 20 na kidogo, Ichthyotitan. Kwa hiyo ile michoro ya mosasauri anapigana na iktiosauri mkubwa haiwezekani, kati yao kuna zaidi ya mita 13 za kamba, simamisha mtoto mmoja huku na mwingine kule wajaribu kupigana.

Na mosasauri, pliosauri na iktiosauri hakuna hata mmoja aliyekuwa dinosaria, hilo rudieni mara nyingi. Dinosaria walikuwa watu wa nchi kavu, miguu yao inasimama chini ya mwili. Hawa ni koo nyingine zilizotoka nchi kavu zikaingia baharini kila moja kwa wakati wake, na wote waliendelea kuvuta hewa kwa mapafu, lazima wapande juu kupumua.

Swali litakalokuja, tena mapema, ni kama wapo kwenye ziwa letu. Msilicheke hilo swali, ziwa lina hadithi zake za wanyama wakubwa na wazee wetu wamesimulia. Jibu lipo kwenye kamba: Ziwa Victoria lina umri wa kama miaka laki 4, na kwa kipimo chetu hiyo ni sentimita 4 tu kutoka kigingi cha leo. Pima kwa rula hapo hapo. Mosasauri wa mwisho yuko mita 6 na nusu mbele yake. Na hata hizo sentimita 4 ziwa halikuwepo mda wote, lilikauka kama miaka elfu 15 na zaidi iliyopita likajaa upya. Wengine watataka kwenda kutafuta mifupa kwenye mawe ya Mwanza. Haya mawe yetu ni matale, yalitokana na uji wa mawe ulioganda chini ardhini zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu iliyopita, hakuna mnyama mwenye mifupa aliyekuwepo duniani, kwa hiyo humo hamna kisukuku. Ukitaka visukuku vya bahari ni mawe yaliyotokana na matope na chokaa ya bahari, ya ukanda wa pwani kule, na mtu akiokota huko asiondoke nacho mfukoni, ni mali ya taifa, apige picha, aache mahali pake, atoe taarifa.

Swali la pili huwa ni mayai. Walitagia wapi? Hawakutaga. Kule Holzmaden, Ujerumani, kuna visukuku vya iktiosauri vyenye watoto tumboni, na mwaka 2011 kilielezwa kisukuku cha plesiosauri mwenye mtoto mmoja mkubwa tumboni. Walizaa humo humo majini.

Mkimaliza pandeni kwenye mawe wote, mtu mzima mmoja abaki chini amesimama pembeni ya fuvu ili picha iwe na kipimo, afu pigeni. Picha bila mtu ndani yake haina maana, haionyeshi ukubwa. Na ukiwa na watoto wengi waambie walale kichwa kwa miguu kwenye uti wa mosasauri, mhesabu wamefika wangapi, watoto wa darasa la tatu au la nne hivi.

Siku nyingine, mkishazoea, fanyeni Elasmosaurus, yule wa shingo ndefu, mita 10 hivi na shingo yake peke yake ina pingili zaidi ya 70. Mchoreni shingo imenyooka mbele, hakuweza kuiinua juu ya maji kama bata maji kwenye zile picha. Na kabla hamjaweka kichwa waambieni kuwa Edward Cope, mwanasayansi wa Marekani, mwaka 1868 alipompanga alikiweka kichwa mwisho wa mkia, mwenzake Joseph Leidy ndo akamrekebisha, kwa hiyo wape watoto fuvu la boksi wachague wenyewe upande na waseme kwa nini.

Mkiondoka ng'oeni vigingi na muvihesabu, vilivyoingia ndivyo vitoke, maana jioni kuna watu wanacheza mpira pekupeku pale. Kamba ikunjwe na vitambaa vyake bila kufunguliwa, iwekwe ofisi ya mwalimu au kwa mtu mmoja anayeaminika. Jivu liacheni, halidhuru nyasi, na kama mvua haijanyesha wiki hiyo mkirudi mtakuta uti bado unaonekana na mtaanzia hapo hapo.